Kitabu cha Picha, Mkeka na Mtoto Aliyenuna

Ukurasa wa tano wa kitabu chetu cha picha hauna neno hata moja. Maji yamekupwa. Watoto watatu wameinamia kidau cha mti chenye tanga la kipande cha leso (kanga), na hatua mbili tatu nyuma yao amesimama wa nne. Mikono ameifunga nyuma, vidole vya miguu vimezama mchangani, mdomo haucheki wala haulii. Mwalimu mgeni huufunua ukurasa huu akapita, kwa kuwa hakuna la kusoma. Sisi tunaosomesha chekechea hapa Lamu tunaweza kukaa hapo dakika tano nzima, tukiwafundisha watoto kutambua hisia.

"Huyu ana nini?"

Jibu la kwanza karibu kila mara ni "amekasirika", kwa sababu ndilo neno ambalo watoto wamelisikia zaidi nyumbani. La pili huwa "ataka kuteza", yaani kucheza. Kisha yule mtoto ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo anasema polepole: "Aona haya." Picha ni moja na majibu ni matatu, na hakuna linalopasa kutupwa. Anachofanya mwalimu ni kuuliza kila mmoja, "Umejuaje?", kisha mtoto aje aweke kidole pale alipoona. Mmoja ataweka kwenye mikono, mwingine kwenye miguu, na mwingine ataonyesha kwamba macho ya yule wa nne yanatazama kidau, hayawatazami wenzake. Jibu lisilokuwa na kidole ni la kubahatisha, au la kumfurahisha mwalimu.

Watoto wa hapa huja shuleni wakiwa tayari wanasoma miili kuliko tunavyodhani. Mtoto wa miaka minne anayekatiza vichochoro vya Langoni anajua kwamba punda aliyelaza masikio nyuma si wa kupita kisogoni kwake. Amelelewa pia kati ya kina mama waliovaa buibui na ninja ya kufunika uso, na anajua mama amechoka au amefurahi kwa macho, mkono na sauti tu. Ujuzi huo ndio wa kuanzia. Ndiyo maana hatuyapendi yale mabango ya duara la njano, mdomo ukipinda juu ni furaha, ukipinda chini ni huzuni. Mtoto hulikariri bango siku mbili, lakini mwenzake akilia kwa kuuficha uso magotini, hamtambui. Ukitaka kujaribu, funika uso wa mhusika kitabuni kwa kiganja na uulize tena. Kama picha imechorwa vizuri, mabega na mikono itajibu.

Mkao ni jambo dogo linaloharibu vikao vingi. Watoto sita hadi wanane kwa kitabu cha A4, wameketi nusu duara kwenye mkeka, na aliye mbali zaidi asizidi mita moja na nusu kutoka kwenye ukurasa. Darasa likiwa na watoto 25 au 30, usilisomee lote pamoja kitabu kidogo. Wengine wapewe udongo au vifuu vya kuchezea chini ya jicho la msaidizi, halafu mbadilishane. Kitabu cha A5, hata kiwe kizuri vipi, ni cha watoto wawili au watatu. Mwalimu asikae mgongo dirishani, au kwenye mlango wa kiwandani (uani), mwanga ukamjia kwa nyuma, maana watoto wataona kivuli chake na karatasi nyeusi. Mwanga uangukie ukurasa. Kitabu kilichotiwa plastiki hung'aa, kwa hiyo kiinamishwe mbele kidogo, na mwalimu awaulize watoto wa pembeni kama wanaona. Wasipoona hawasemi, wanaanza kufinyana. Kikao kiwe baada ya uji, si kabla. Dakika 10 zinatosha darasa la kwanza la chekechea (PP1), na 15 la pili (PP2).

Kitabu kimoja tunakaa nacho wiki nzima. Mzazi akiona hivyo hudhani mwalimu mvivu, lakini mtoto wa umri huu akirudia ndipo anapoona. Siku ya kwanza hatusomi neno. Tunafunua picha moja baada ya nyingine na kuwaacha waseme kinachotokea. Siku ya pili tunasoma moja kwa moja hadi mwisho bila kusimama, kwa sauti ya hadithi, ili wapate raha yake. Siku ya tatu tunasoma tena na kusimama mahali pawili tu. Kosa la walimu wenye bidii ni kusimama kila ukurasa. Ukifika wa nane, hakuna anayekumbuka kidau kilikuwa cha nani. Siku ya nne wanaigiza. Siku ya tano mtoto mmoja anakalia kiti cha mwalimu na kuwasimulia wenzake, na hapo utasikia kilichoingia na kilichopita hewani.

Kuhusu maswali, adui yetu mkubwa ni ile korasi. "Amefurahi, sivyo?" "Ndiyooo, mwalimu!" Hata ungeuliza kama amegeuka papa wangeitikia vivyo hivyo. Swali liende kwa mtoto mmoja kwa jina lake, kisha mwalimu anyamaze na kuhesabu moyoni hadi tano. Tano hiyo ni ndefu kuliko unavyofikiri, na wengi wetu hujijibu wenyewe tukifika mbili. Mtoto akijibu, upokee alichosema, uongeze kidogo, umwache arudie kwa namna yake. Akisema "alia", mwalimu anasema, "Ndiyo, analia. Kidau chake kimevunjika, ana uchungu." Kesho utamsikia akisema uchungu. Mbinu hii ina historia. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wazazi waliofundishwa kuuliza na kuongeza hivi, badala ya kusoma tu, waliona lugha ya watoto wao ikipanda ndani ya mwezi mmoja. Wao walitafuta lugha. Hisia zikifuata njia hiyohiyo si ajabu, maana mtoto asiye na neno la kinachomsibu hutumia meno.

Na maneno ndiyo utajiri wetu, ingawa tunawapa watoto manne tu: furaha, huzuni, hasira, hofu. Yanafaa kwa muhula wa kwanza. Baada ya hapo ni kuwanyima. Chukua kununa na kususa. Aliyenuna bado yuko mchezoni, amefunga mdomo tu. Aliyesusa ameondoka, na hata akiitwa hataki, hata kama roho yake imo mlemle. Dawa zao ni mbali. Aliyenuna huachwa kidogo akajirudi mwenyewe. Aliyesusa anahitaji mlango wa kurudia bila kuchekwa, kwa mfano "njoo unishikie kitabu upande huu". Watoto wa miaka mitano wanaitambua tofauti hii kitabuni upesi, na wakishaitambua hawamfuati tena aliyesusa wakimzomea.

Haya na aibu nazo zisichanganywe. Haya kwetu ni sifa. Mtoto anayejificha nyuma ya leso ya mama mgeni akija hajakosa kitu. Aibu ni ile unayotiwa na wenzako wanapocheka umejikojolea. Mwalimu anayemwambia mtoto mwenye haya "usione aibu" amemwambia kwamba kuna jambo la kuonewa aibu. Kwenye ukurasa wetu wa tano, neno haya hufungua mazungumzo mengine kabisa: wale watatu hawakumkataza, hawakumwona tu. Basi nani wa kusema kwanza?

Wivu ndio mgumu kuliko yote, hasa kwa mtoto ambaye nyumbani kumezaliwa kichanga. Picha ya mama ananyonyesha, mkubwa amesimama ameshika upindo wa leso, huwatoa watoto maneno ambayo hukutarajia. Ulimi wetu watu wazima hukimbilia "wivu ni mbaya". Siku hiyo mtoto hujifunza kutousema, na anakwenda kumfinya mdogo wake jikoni. Tunasema hivi: wivu huja, humjia kila mtu, ila kumfinya mtoto haturuhusu. Hisia haikatazwi, kitendo ndicho chenye mpaka. Sentensi hiyo tunairudia kwa kila kitabu.

Jambo la lugha lenyewe: vitabu vingi vimeandikwa Kiswahili sanifu, na mtoto wa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, anasema matozi, mato, kuteka na kuteza pale kitabu kinaposema machozi, macho, kucheka na kucheza. Usimsahihishe katikati ya jibu la hisia. Mtoto aliyesema "ana matozi" amefanya kazi ngumu ya kumtazama mwenzake, na ukimrudishia "sema machozi" ataona kazi yake haikuwa kitu. Mwalimu aendelee kwa "ndiyo, yanamtoka", kisha sanifu ataikuta kitabuni mwenyewe. Mtaala wenyewe unataka miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya mahali, na lugha ya mahali ni hii.

Vitabu vya kuchagua ni vile vyenye kurasa 12 hadi 16, sentensi moja fupi kwa ukurasa kwa PP1, mbili au tatu kwa PP2, na angalau picha moja ambayo maneno hayaielezi yote. Kitabu kinachoandika "Asha alihuzunika sana" chini ya picha ya Asha anayelia kimemaliza kazi kabla yako. Tazama pia vitu vilivyomo. Kitabu cha theluji na ngazi za umeme si kibaya, ila kikao kizima kitakwisha mkieleza theluji ni nini. Kwa hisia, mazingira yawe ya kawaida ili jambo geni liwe moyo tu.

Wanyama waliovaa nguo ni suala la kujadili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha jaribio lao: watoto wa miaka minne hadi sita walisomewa hadithi ileile ya kugawana, baadhi ikiwa na watu, baadhi ikiwa na wanyama wanaofanya mambo ya watu. Waliosomewa ya watu walitoa vibandiko vingi zaidi kuwapa wenzao. Wa wanyama hawakuongeza. Hatusemi sungura atupwe. Paukwa! Pakawa! ni yetu na bibi hakuhitaji utafiti. Lakini ngano zetu zimejengwa juu ya kumcheka fisi anayepigwa, na mtoto aliyezoea hivyo ukimuuliza fisi anaumwa atakutazama kama umechanganyikiwa. Basi sungura na fisi tunawaweka kwenye wakati wa hadithi, na kidau na watoto wanne kwenye wakati wa kitabu.

Vitabu vya kununua ni ghali, na vinavyofanana na hapa ni vichache. Mradi wa African Storybook, wenye makao Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha kwa leseni huria, nyingi kwa Kiswahili. Unaweza kuchapa na hata kubadili maneno. Chapa kwa A4, ukurasa mmoja kwa karatasi, usipunguze. Lakini kitabu bora cha hisia ni kile mnachotengeneza. Karatasi ngumu nne za A3 zikikunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 16 za A4, jalada likiwemo, hivyo 14 za hadithi. Usibane kwa pini za stepla. Upepo wa chumvi huzitia kutu, hutia doa la kahawia na kuwachoma watoto vidole. Shona. Toboa mashimo matatu kwenye mkunjo kwa msumari, moja katikati, moja kila upande sentimita tatu au nne kutoka ukingoni. Chukua uzi wa nailoni wa sentimita 75 hivi na shazia. Ingia shimo la kati kutoka ndani kwenda nje, panda uingie la juu, ndani uruke la kati hadi la chini, toka nje, urudi kuingia la kati. Ncha mbili zikae huku na huku ya uzi mrefu wa ndani, uzifunge juu yake. Kitabu hicho kitachanika karatasi kabla ya kukatika uzi.

Kuchora si lazima uwe fundi. Anza na mabega na mikono, uso uje mwisho. Mhusika avae rangi ileile kila ukurasa. Ukimbadilisha kanzu au shati, mtoto wa miaka mitatu atadhani ni mtu mwingine na atauliza yule wa kwanza alikwenda wapi. Wapo wazazi wasiopenda picha za viumbe. Zungumza nao mapema, uwaonyeshe kitabu chenyewe, na uwaeleze kuwa hufungwa na kurudishwa kapuni, hakitundikwi ukutani. Wengi huridhika. Asiyeridhika, mwanawe hufanya kazi hiyohiyo kwa kuigiza.

Kuna jambo la umri ambalo likisahauliwa mwalimu hukasirika bure. Katika kitabu kimoja, mtoto anaweka embe kabatini na kutoka nje. Nyuma yake dada analichukua na kulitia kapuni. "Akirudi atalitafuta wapi?" Wa miaka mitatu wengi wataonyesha kapu, kwa kuwa wao wanajua liko kapuni. Wa minne huanza kusema kabatini, na kwenye mitano wengi wameshika. Watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner walilionyesha hili mwaka 1983, na kila mwaka watoto wetu wanalionyesha upya mkekani. Maana yake ni kwamba kumwambia mtoto wa miaka mitatu "fikiria mwenzako anaonaje" ni kumdai asichokuwa nacho mfukoni. Yeye muulize anachokiona: nani analia, wapi panauma. Mambo ya nani hajui nini ni ya PP2.

Kuigiza siku ya nne ndiko kunakozaa tabia, mradi watoto wapewe maneno ya kusema. "Mwombe vizuri" si maneno, ni amri. Tunawapa sentensi fupi zinazotoshea mdomoni: "Nami nataka." "Zamu yangu lini?" "Sipendi, wacha." Leso moja chini ni bahari, kigae cha kifuu ni kidau. Mtoto wa nne anasimama mikono nyuma, na kila mmoja apate kuwa yeye, hasa wale mabingwa wa kunyang'anya. Kisha tunabadilisha: safari hii wale watatu wanamwambia "bado, ngoja kidogo". Watoto wanahitaji kuzoea kuombwa na pia kukataliwa. Michezo mingi ya darasani huishia kwenye "karibu, njoo tucheze" na uwanjani hakuna anayekaribishwa hivyo mara ya kwanza.

Ugomvi wenyewe ukitokea, usikimbilie kitabu. Mtoto anayepiga mayowe hasikii wala haoni. Kaa naye, maji anywe, pumzi ishuke, kisha baadaye, pengine baada ya nusu saa, ufunue ukurasa wa tano mkiwa wawili, bila kusema neno. Mara nyingi yeye ndiye ataanza. Kinachokiua kitabu ni kukigeuza fimbo: "Unaona? Wewe ni kama yule wa kitabuni." Ukisema hivyo mara moja, kile kitabu hatakigusa tena, na wenzake watakuwa wamepata jina jipya la kumwitia. Ni kama lile swali la mwisho wa hadithi, "na hii inatufunza nini?" Mtoto hujua jibu linalotakiwa: tusipigane, tupendane, tugawane. Atalisema kwa sauti nzuri, na akitoka mlangoni atamsukuma mwenzake. Tumeliacha kabisa.

Kuna kurasa zinazogusa mahali pazito. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na watoto wengi hapa baba zao ni wavuvi wanaolala baharini siku kadhaa. Picha ya mama ameketi barazani akitazama maji inaweza kumtoa mtoto machozi. Usimwahidi kuwa baba atarudi leo, hilo si lako kuahidi. Mwambie tu, "Unamngojea. Kungoja kunachosha moyo," umweke karibu nawe, na uendelee na kitabu kwa sauti ya chini. Usimhoji mbele ya wenzake. Na mara moja moja picha humfanya mtoto aseme jambo la kupigwa au kuguswa nyumbani. Hapo somo limesimama. Sikiliza, usimwekee maneno mdomoni, usimwahidi siri, andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe siku ileile, mjulishe mwalimu mkuu na afisa wa watoto. Simu ya bure ya watoto nchini Kenya ni 116.

Ijumaa jioni kitabu huenda nyumbani kwa mtoto mmoja, ndani ya mfuko wa kitambaa, hadi Jumatatu. Wazazi wengine huona haya kukipokea kwa kuwa hawakusoma shule. Sisi huwafunulia ukurasa wa tano palepale mlangoni na kuwaonyesha kuwa hapana neno la kusomwa. Mama, muulize tu huyu ana nini. Halafu umngoje.